Kiti cha Mlinzi, Wodi ya Wanaume

Perlita Dalumpines nimemjua tangu hajui kufunga nywele zake mwenyewe. Nyumba yao na yangu zimetenganishwa na ua wa mianzi, na ua wenyewe umelalia upande wao, maana baba yake alikuwa mvivu wa kuusimamisha. Habari zake naziandika mimi kwa sababu hao wanaozisimulia sokoni wanazisimulia na midomo bado ina mafuta ya yule nguruwe. Mimi nguruwe yule sikumla. Hata ngozi sikuionja. Hilo nalisema mwanzo kabisa ili lieleweke.

Mama yake alikuwa muuza siki ya mnazi. Lita alizunguka naye na magudulia tangu mdogo, na alikuwa mbishi hakuna mfano. Ukimwambia mvua imekatika, anatoka nje kunyoosha mkono ahakikishe. Siki hiyo ndiyo iliyompeleka mji wa Iloilo kusomea unesi, siki na mjomba mmoja baharia aliyekuwa anatuma chochote akikumbuka. Alipofaulu mtihani, kaka yake Gorio alipiga baruti barabarani mpaka kuku wangu wakaacha kutaga.

Wenzake aliosoma nao waliondoka wote. Huyu Uarabuni, huyu Uingereza, huyu Kanada, wanatuma picha wamesimama kwenye theluji na makoti makubwa kama magodoro. Lita alibaki kwa sababu mama yake alipooza upande mmoja, na mama alipokufa, alikuwa ameshaizoea wodi. Siku moja nilimuuliza kwenye ua, nikimwita Inday kama tunavyowaita mabinti wote.

"Inday, na wewe huendi?"

"Nay, nikienda nani atawachana nywele wale wazee?"

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Kila asubuhi kabla daktari hajapita, Lita alikuwa anazunguka na kitana na kikombe cha maji, anawachana wazee nywele, hata wenye nywele nne. Alisema daktari humsikiliza zaidi mgonjwa aliyechanwa. Sijui kama ni kweli. Najua wazee walikuwa wakimsikia anakuja wanajiweka sawa kwenye mito yao kama mabwana harusi.

Mimi wodi ya wanaume ya hospitali ya mkoa ni kama nyumbani kwangu. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake, lazima awe na mtu wa kukaa naye: wa kumlisha, wa kumfuta, wa kukimbilia dawa dukani, wa kulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Asiye na ndugu, au mwenye ndugu wasio na nafasi, ananikodi mimi. Nimekaa na wagonjwa tangu mume wangu afe, na mji mzima unaniita Nay, mama, hata walionizidi umri. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho. Sikuletewa.

Wodi ile ina vitanda vilivyobanana mpaka nesi anapita kwa ubavu, na vingine vina watu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Nesi ni mmoja kwa zamu. Lita alikuwa na mtindo wake wa kusimama katikati, anafumba macho, anasikiliza. Halafu anasema, "Wa dirishani kifua kimebadilika," na anakwenda, na kweli. Hakuwa mchawi. Alikuwa na masikio mazuri tu na alikuwa anayatumia.

Na kupigwa kwa manesi kwetu hakukuwa habari. Mmoja aliumwa mkono na mtu mwenye homa. Mmoja alimwagiwa mkojo. Mmoja alirushiwa bakuli la uji wa moto kwa sababu uji haukuwa na chumvi, kana kwamba yeye ndiye mpishi. Kila mara mkuu wa manesi, Bi Remedios, alikuwa anatoka ofisini kwake na miwani imening'inia, anatazama, anauliza, "Ulimwambiaje mpaka akakasirika?" Halafu, kabla hujajibu: "Haya, nenda kaoshe uso. Kuna dawa za saa kumi." Hata kama ni asubuhi, alisema za saa kumi. Manesi walikuwa wanamwigiza wakiwa wanakula.

Mganga mkuu alikuwa Dokta Hinolan. Sio mtu mbaya. Ni mtu wa kuomba radhi, hata mlango akiugonga kwa bega anauomba radhi. Alikuwa ameomba mkoani mlinzi wa kukaa mlangoni mwa wodi ya wanaume, na alikuwa na uhakika atapewa, mpaka akatengenezesha kiti kabisa. Kiti kizuri cha mninga, kina mikono, kimepakwa vanishi, mgongoni kimechongwa neno MLINZI kwa herufi zenye mapambo. Fundi aliyekitengeneza ni Ambrosio, Nong Ambo, yaani kaka Ambo, seremala wa mtaa wetu. Mkoa ukajibu kwamba mlinzi wa nini, kwani kuna kesi gani? Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga nesi hapo. Kiti kikakaa mlangoni kikingoja mwenyewe.

Sasa huyu Nong Ambo. Ningependa kusema alikuwa jambazi, hadithi ingekuwa nyepesi. Hakuwa. Nusu ya mapaa ya mtaa wetu aliyapaua yeye, na wajane alikuwa hatudai haraka. Kanisani alikuwa anabeba sanamu ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa mji wetu na wa wagonjwa, bega la mbele upande wa kulia. Alikuwa akipenda ramu, lakini nani hapendi.

Aliletwa tumbo limevimba, akaambiwa kesho yake asubuhi anapasuliwa, asile wala asinywe kitu. Mke wake, Manang Pasing, dada Pasing kama tunavyomwita, alirudi nyumbani kulisha nguruwe, akamwachia shemeji yake akae naye. Mimi nilikuwa na mzee wangu kitanda cha jirani, nampepea. Ilikuwa mchana ule wa joto ambao hata nzi wanatembea kwa miguu. Nikamwona shemeji anatoa kitu kwenye taulo, Nong Ambo anakisukuma chini ya mto. Nami nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Ambo, hiyo si dawa ya meno." Akanikazia jicho.

Lita akaja. Akanusa.

"Nong, kuna nini chini ya mto?"

"Kuna kichwa changu. Unakitaka?"

Watu chini ya vitanda wakacheka. Lita naye akatabasamu.

"Cha nini, nami ninacho changu? Lete chupa."

"Inday, bati la nyumba ya mama yako nani alilipigilia?"

"Wewe. Ndiyo maana halivuji. Lete, Nong. Ukinywa leo, kesho unafia mezani."

"Tone tu. La kuondoa hofu."

"Hofu nitakuondolea mimi. Nitakuja kukuchana nywele."

Akaingiza mkono chini ya mto, akaichukua. Nong Ambo hakupiga kelele. Alishuka kitandani polepole kama mtu anayekwenda chooni, akang'oa sindano mkononi mwake, akaushika ule mti wa chuma unaotundikiwa dripu, kwa mikono miwili, vile seremala anavyoshika boriti. Lita alikuwa ameshampa mgongo, anakwenda kumwaga. Akampiga nao ubavuni mwa kichwa, upande wa kushoto.

Chupa ilipasuka, wodi nzima ikanuka ramu. Mimi niliuangusha upepeo nikamrukia mkono. Mkono wa mtu aliyepiga misumari maisha yake yote, ilikuwa kama kushika tawi. Wanaume wazima walikuwa wamekaa kwenye mikeka yao, wameshika sufuria zao, wanatazama. Nikawaambia, "Nyie mmepooza?" Ndipo wawili wakaja. Wakati huo Nong Ambo alikuwa ameshakaa, anahema, anatazama damu ya sindano inavyomtoka kama ndiye aliyeonewa.

Bi Remedios akatoka na miwani yake.

"Ulimwambiaje mpaka akakasirika?"

Lita alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka sikioni, anaokota vipande vya chupa wasije wakajikata watoto wa wageni. Nikajibu mimi. Sitayaandika niliyoyajibu.

"Haya, Lita, nenda kaoshe uso. Kuna dawa za saa kumi."

Akaenda. Akaosha uso. Akarudi na pamba sikioni akagawa dawa za saa kumi, kitanda kwa kitanda, akampa hata Nong Ambo zake. Nong Ambo akazipokea, akasema, "Asante, Inday." Nilitaka kumtapikia.

Sikio lile halikupona. Kule Iloilo kwa mtaalamu wakamwambia ngoma ya ndani imeharibika na kuna kitu nyuma yake kimeharibika zaidi, na ndivyo itakavyokuwa. Nong Ambo yeye alipasuliwa akapona vizuri kabisa.

Lita alinijia kwenye ua siku aliyotoka Iloilo. Alikuwa anageuza kichwa ili anisikie, na alikuwa bado hajazoea kugeuza, anageuza upande usio wake, anacheka, anageuza tena.

"Nay, nashtaki."

"Ukishtaki watasema una roho mbaya. Ambo anapendwa."

"Waseme. Dokta Hinolan kaniambia mwenyewe: ikipatikana hukumu moja, moja tu, mkoa hauna la kusema tena, lazima utoe mlinzi. Sitaki afungwe, Nay. Sitaki hata pesa yake. Nataka asimame mbele ya hakimu aseme 'nilimpiga', basi. Halafu pale mlangoni akae mtu."

"Na kama asiposema?"

"Wewe utasema. Uliona."

"Nitasema mpaka wanifukuze," nikamwambia, na nilimaanisha.

Kwetu kesi kama hiyo haiendi kwa hakimu moja kwa moja. Inapita kwanza kwa kapteni wa mtaa, ndivyo tunavyomwita mwenyekiti. Anawakalisha mara tatu, na mkikataa kupatana mara zote tatu, ndipo anakupa cheti cha kukuruhusu kwenda mahakamani. Mkipatana katikati, imekufa, haifufuki. Na kupatana kwetu hakuhitaji karatasi. Aliyekosa anapeleka nguruwe nyumbani kwa aliyemkosea. Nguruwe akirudishwa mzima, ugomvi upo. Nguruwe akipikwa kwenye uwanja wa aliyekosewa, ugomvi umekwisha, na atakayeufufua tena ndiye mkosaji. Hivyo tulilelewa, hata mtoto anajua.

Kapteni wetu, Tirso, ni mtu wa kupenda amani kwa sababu amani haimcheleweshei chakula. Kikao cha kwanza alitukalisha kwenye ukumbi wa mtaa, feni inapuliza upande wake peke yake.

"Nong Ambo, ilikuwaje?"

"Kapteni, tumbo. Nilikuwa na uchungu. Sijui nilifanya nini."

"Unajua," nikasema mimi. "Ulishika mti kwa mikono miwili."

"Nay, zamu yako bado."

"Nimejipa mwenyewe."

Lita akasema lile lile aliloniambia uani: aseme mbele ya hakimu, basi. Nong Ambo akamtazama kwa huzuni ya kweli, hilo siwezi kulikataa.

"Inday, nakwambia hapa hapa, mbele ya kapteni: nilikukosea. Kuna tofauti gani na kumwambia hakimu?"

"Ukisema hapa, wodi haipati mlinzi."

"Mlinzi!" Tirso akapiga meza. "Binti, mnataka kumkamatisha mtu aliyebeba Mtakatifu Roko kwa ajili ya mlinzi?"

"Mtakatifu Roko naye anahitaji mlinzi," Lita akasema, "maana yuko wodini kila siku."

Nilimpenda sana siku ile.

Kikao cha pili Manang Pasing alilia mwanzo mpaka mwisho, hakuna kilichosemwa. Cha tatu kikapangwa baada ya sikukuu ya mtakatifu, na kapteni akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, kwamba kikao hicho kikiharibika atatoa cheti. Lita akarudi nyumbani anaimba. Alikwenda hospitali siku iliyofuata na kitambaa, akakifuta kile kiti cha mlinzi, akamfukuza mtu aliyekuwa amekiegeshea ndoo. Nilikuwapo. Alikifuta hadi miguuni.

Juma lile lile Manang Pasing akaja na nguruwe. Nguruwe mweupe, mnene, aliyelelewa kwa mabaki ya mchele mzuri. Lita akatoka mlangoni.

"Manang, mrudishe."

"Mwanangu, mpokee tu, hata usimpike."

"Mrudishe, Manang. Sina ugomvi na wewe."

Pasing akaifunga kamba kwenye mpera, akaondoka anajifuta macho. Lita akamwita kaka yake Gorio.

"Mpeleke kwao. Sasa hivi."

Gorio akamburuta mpaka kwa Nong Ambo, akakuta nyumba imefungwa, madirisha na yote, wakati kila mtu alikuwa anaona moshi wa jikoni. Akarudi naye. Kesho yake akampeleka tena, wamefunga tena. Kumfungulia nguruwe barabarani haiwezekani, akigongwa na gari utamlipa. Kwa hiyo akabaki kwenye mpera, na Lita akamshika Gorio kola ya shati.

"Nisikilize. Usimguse. Utamlisha, utamnywesha, baada ya kikao cha tatu nampeleka kwa kapteni mwenyewe akiwa mzima. Umenisikia? Kwa maana mimi nasikia nusu, wewe una yote mawili."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Mimi si mjinga."

Sio mjinga, Gorio. Ni mtu wa aibu. Hajui kumwambia mtu hapana, tangu utotoni, mama yake alikuwa hamtumi kudai madeni.

Siku ya sikukuu hospitali haifungwi, na Lita alipangiwa zamu ya mchana, kwa sababu hana mume wala mtoto na wenzake wana wageni. Alimwachia Gorio kuku wawili na sufuria ya tambi. Sasa sikukuu yetu mnaijua, au kama hamuijui basi jueni hili: milango yote iko wazi, na anayepita, awe ndugu, awe mgeni, awe adui, anaingia na anakula. Nyumba ambayo mgeni ameondoka bila kula siku ya Mtakatifu Roko itatajwa mpaka wajukuu. Watu wanakopa, wanauza pikipiki, ili meza isikauke.

Ndugu zao wa mlimani waliteremka mapema kuliko miaka yote, na wakaja wengi, wakaja na majirani zao. Kuku waliisha kabla misa haijatoka. Nilimwona Gorio kupitia mianzi ya ua, jasho linamtiririka, anakata tambi kwa mkasi ili zionekane nyingi. Ndipo nikawaona wanakuja barabarani, wamevaa nguo za kanisani: kapteni Tirso, na mke wake, na Manang Pasing, na nyuma yao Nong Ambo, bega bado limepinda kwa kubeba mtakatifu. Hawakupita. Waliingia, wakasema heri ya sikukuu, wakakaa. Wakaitazama meza. Hapakuwa na kitu mezani ila sosi.

Gorio akatoka nyuma ya nyumba na kisu.

Nikaubomoa ua. Ulikuwa umeoza, lakini niliubomoa mimi. Nikasimama mbele ya mpera.

"Gorio, weka kisu."

"Nay, nipishe."

"Huyu si nguruwe. Hili ni sikio la dada yako."

"Nay, sikio halirudi." Alikuwa analia. "Wageni wako mezani. Kapteni yuko mezani. Niwaambie nini? Niwaambie nendeni, hakuna chakula kwa Dalumpines?"

"Ndiyo! Waambie hivyo hivyo!"

"Wewe ungeweza?"

"Ningeweza."

"Basi wewe si mtu wa hapa," akaniambia, na ndugu wawili wa mlimani wakanishika mikono kwa heshima sana, "pole Nay, pole bibi," wakaniketisha kwenye ngazi yangu mwenyewe. Nguruwe nikamsikia. Mji mzima ulimsikia, maana ngoma zilikuwa zimepumzika.

Lita alirudi jua linaanza kushuka, na sare yake, na saa yake imebandikwa kifuani. Harufu aliipata njiani, aliniambia baadaye, lakini akadhani inatoka kwingine, kila nyumba ilikuwa inachoma. Alipofika kizingitini, kichwa cha nguruwe kilikuwa kwenye majani ya mgomba katikati ya meza ya mama yake, na Nong Ambo alikuwa amekaa chini ya bati alilolipigilia mwenyewe, na sahani magotini. Nong Ambo akasimama. Akachota wali, akaweka nyama juu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Inday, njoo ule na sisi."

Alimtazama Gorio. Gorio alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa kwenye ngazi yangu, nikapiga kelele, "Usishike, Lita! Tupa! Pindua meza!" Sijui kama alinisikia, nilikuwa upande wake wa kushoto.

Hakupindua meza. Alivua viatu, akaviweka pamoja pembeni. Akaipokea ile sahani, akamgeukia mzee mmoja wa mlimani aliyekuwa hajapata, akampa. Halafu akaingia jikoni akatoka na sufuria ya wali akaanza kuwaongezea wageni, mmoja mmoja, na alipofika kwa Nong Ambo akamwongezea na yeye. Nyumba ni yake pia. Wageni walikuwa wameingia. Yeye hakula, lakini hilo halikuhesabiwa na mtu.

Kapteni Tirso akajifuta mdomo. "Basi," akasema, "mtakatifu ametupatanisha."

Siku ya kikao cha tatu tulikwenda, mimi na yeye tu. Tirso alishangaa kutuona.

"Kikao gani tena? Si tulishakula?"

"Kapteni," Lita akasema, "mimi sikuwepo. Nilikataa. Nilimrudisha mara mbili."

"Alipikwa uwanjani kwako. Ulitupakulia wewe mwenyewe, binti. Mimi uliniongezea mara mbili, nakushukuru."

"Mimi sikula!" nikasema.

"Nay," akanijibu taratibu, kama anavyomjibu mtoto, "wewe hukupigwa."

Cheti hakutoa. Tulipanda kwa mwendesha mashtaka mjini, kijana mpole, akatuambia bila cheti mikono yake imefungwa. Dokta Hinolan alituomba radhi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Bila kesi hakuna mlinzi. Sokoni wanawake wakaanza kusema Lita ni mtu wa ajabu, anakula na watu halafu anataka kuwashtaki. Gorio alinunua dawa za masikio za kila aina, anazileta, anaziweka mezani, anaondoka bila kusema. Dada yake alikuwa anazipanga dirishani, hajazifungua.

Nilimwambia aende Kanada. Akasema huko kuna mtihani wa kusikia. Sijui kama ni kweli au alinichoka.

Anafanya kazi bado. Wodi ni ile ile, nesi ni mmoja. Hasimami tena katikati akafumba macho. Anapita ukutani, ameuegemezea ukuta upande wa kushoto, na akibanduka ukutani, mtu akimwita kutoka upande huo inabidi amwite mara ya pili, na wengine mara ya pili wanaita kwa tusi. Kitana sijakiona siku nyingi. Wazee wanaamka nywele zimesimama na zinashinda zimesimama. Nong Ambo alilazwa tena wakati wa mvua, tumbo lile lile, na Lita akamtundikia dripu, na mti ulikuwa ule ule, umenyooshwa.

Kiti bado kiko mlangoni. Miguu imara kabisa, hilo Ambo apewe. Miguu yangu mimi si imara, kwa hiyo siku nyingine nakikalia.

Juzi nilikuwa nimekikalia, namngoja mgonjwa wangu aamke. Lita sasa ndiye mkuu wa manesi, Bi Remedios amestaafu. Akatoka Rodel, nesi wa kiume, jitu zima la kutoka Capiz, ameshika nyusi, damu inapita kati ya vidole. Mgonjwa kamrushia chupa ya chai. Akasimama mbele ya Lita.

"Manang, kanipiga. Nimemwambia tu asivute sigara. Nifanyeje? Nishtaki?"

Lita alikuwa anahesabu vidonge. Akageuka, akampa sikio la kulia.

"Umesemaje?"

"Nasema, nimshtaki?"

Aliutoa mkono wa Rodel nyusini, akaitazama ile nyusi, akaifuta kwa pamba, polepole, kwa upendo, nitasema hivyo kwa sababu nilimwona. Nikainuka nusu kitini. Nilikuwa nangoja aseme neno. Yule mtoto mbishi wa muuza siki, aliyekuwa anatoka nje kuinyooshea mvua mkono.

"Ulimwambiaje mpaka akakasirika?" akauliza.

Rodel akafungua mdomo ajibu.

"Haya," Lita akasema, akatazama saa kifuani, "nenda kaoshe uso. Kuna dawa za saa kumi."

Rodel akaenda. Lita akarudi kwenye vidonge vyake. Hakunitazama. Mama mmoja anayekaa na mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa amesimama karibu yangu na sufuria ya wali wa moto, anatafuta pa kuiweka. Nikainuka kabisa, nikamwachia kiti.